Siafu wa chini ya ardhi huku Marafa: wekundu, hawana macho, juani hawatoki. Msaada wajuzi

MamaKaranga_Marafa
Jumapili, saa 3:10 usiku

Hamjambo wanajamvi, natumai mko salama. Mimi niko Marafa, si mbali na Nyari, kazi yangu mama karanga, nakaanga samaki jioni nauza pale steji. Nina jambo limeninyima usingizi wiki mbili sasa na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nyuma ya jiko langu pana mkilifi mkubwa, chini yake ni ardhi yetu ile nyekundu, kavu, nyasi zenyewe za kuhesabu. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa akichimba shimo la takataka hapo, hata halijafika gotini, akapiga yowe akatoka mbio. Nikaenda kuangalia nikakuta udongo wenyewe unatembea. Wadudu wekundu wa kuelekea manjano, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, wamejaa mpaka mchanga huuoni. Wengine wadogo kama chungu wa kwenye sukari, wengine wakubwa, kichwa kama punje ya mtama, na wote wako pamoja hawagombani. Walimng'ata mtoto kidoleni, ukimvuta kiwiliwili chakatika kichwa chabaki kimeuma.

Moyo uliniambia ni siafu, lakini siafu mimi nawajua, nimezaliwa Gede karibu na msitu, wale ni weusi au wekundu wa kahawia na wanapita juu kwa msafara unauona tangu mbali. Hawa hawana msafara. Nimewamulika na tochi ya simu kwa karibu kabisa sioni jicho hata la dawa. Na jua lilipowapiga, dakika chache tu wakazama wote udongoni, ungepita hapo baadaye ungesema huyu mama ameota.

La pili, sijui kama ni jambo moja ama ni mawili. Usiku wa mvua ile ya juzi alikuja mdudu kwenye taa ya sola, mnene kama kidole cha mtoto, rangi ya kahawia, ana manyoya kama ya nyuki na mbawa ndefu, anajigonga kwenye taa pu pu pu halafu anaanguka anazunguka sakafuni. Walikuja kama sita. Mamangu mkwe akasema hao si wa kuua, wakija ndani ni ishara. Jirani akasema ni nyigu. Sasa mimi nina mtoto wa miezi saba hulala kwenye mkeka, na nina kuku anaatamia hapo hapo jikoni. Nilienda agroveti moja mjini nikauziwa dawa ya kumwaga shimoni, lakini kijana aliyeniuzia hakuniuliza hata ni mdudu gani, na kisima cha majirani kiko hatua kama thelathini, kwa hivyo chupa bado iko juu ya kabati sijaifungua. Nifanyeje?

Pweza_Ngomeni
Jumapili, saa 3:42 usiku

Dada pole sana. Usijitese, chukua dizeli lita mbili mwaga shimoni tia kiberiti basi. Mimi siafu wakija kwangu nafanya hivyo na kesho yake wameshahama.

Mwalimu_Gede
Jumapili, saa 4:05 usiku

Ndugu yangu Pweza tafadhali, jiko la makuti liko hapo hapo na mti uko hapo hapo, huo moto ukishika tutakuja kuchangia nyumba. Na kisima kasema kiko hatua thelathini.

Mama, nimefurahi sana hukufungua hiyo chupa. Nafundisha baiolojia na wadudu ndio mapenzi yangu tangu utoto, naomba unijibu kwanza. Hapo chini ya mkilifi panamwagwa nini? Na huyo aliyekuja kwenye taa ulimwona macho?

MamaKaranga_Marafa
Jumapili, saa 4:20 usiku

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo ninapomwaga mafuta yaliyochakaa, nikikaanga siku mbili tatu yakiwa meusi hayafai tena namwaga pale, yaweza kufika lita. Na matumbo ya samaki nazika hapo hapo ili paka na kunguru wasiyatawanye. Nimefanya hivyo tangu mwaka jana.

Wa kwenye taa macho anayo, tena makubwa, meusi, yanang'aa.

Mwalimu_Gede
Jumapili, saa 4:58 usiku

Marahaba mama. Sasa tuzungumze, na naomba uniwie radhi nitaandika mrefu kwa sababu umeniuliza kitu ninachokipenda na watu wengi huku pwani wanaishi juu yake bila kukijua.

Hao ni siafu. Ni ukoo ule ule wa siafu wa Gede unaowajua, jina la ukoo kwa wataalamu ni Dorylus, ila hawa ni wa chini ya ardhi. Sisi tumezoea kusema siafu tukimaanisha wale wa msafara kwa kuwa ndio wanaoonekana, lakini ukihesabu aina zote za Dorylus, wanaotembea juu ndio wachache, wengi wao kazi yao yote iko chini ya udongo, kuwinda, kuhama, kuzaa. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyao, kina Kronauer mwaka 2007, waliona mababu wa ukoo huu walikuwa wa chini ya ardhi na hawa wa misafara walipanda juu baadaye. Yaani siafu unaomjua tangu utoto ndiye mgeni, na huyo wa chini ya mkilifi ndiye anayeishi kizamani.

Kukosa macho si ugonjwa. Siafu vibarua wote wa Dorylus, wale wafanyakazi wa kundi, hawana macho, hata wale weusi wa msituni, wanakwenda kwa harufu na kwa kugusana. Kutofautiana ukubwa pia ndiyo alama yao, mama mmoja lakini huyu mdogo kama chungu na huyu kichwa kama mtama, kila mmoja na kazi yake. Na rangi hiyo uliyoisema ya manjano mekundu ndiyo rangi ya siafu wengi wa chini, jua hawalihitaji basi hata weusi hawauhitaji. Kuna kundi lao linaitwa Typhlopone, jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la upofu, wamo Afrika kote mpaka Misri na Tunisia na kuvuka hadi Mashariki ya Kati, nchi kavu kweli kweli. Huko juani siafu wa msafara hafiki mbali, mwili wake unakauka. Huyu wa chini anaishi kwa sababu ukichimba kidogo tu udongo una ubaridi na unyevu wake, na mabuu wao, watoto wao weupe wale, bila unyevu wanakufa. Kwa hivyo Marafa kuwa kavu hakumkatazi. Kunamkataza kupanda juu tu.

Sasa huyo wa kwenye taa. Mama, huyo ni dume lao. Wala usishangae kutomtambua maana hata wakubwa wa elimu hii walikosea. Mwaka 1764 Linnaeus mwenyewe, yule aliyeanzisha mtindo wa kuwapa viumbe majina mawili, aliletewa dume kama huyo kutoka kusini mwa Afrika akamwandika kwenye kundi la nyigu, akamwita Vespa helvola. Jirani yako aliyesema nyigu basi yuko na mwenzake mkubwa. Vibarua vipofu walipopatikana wakapewa jina jingine kama wadudu wengine kabisa. Ilichukua miaka, mpaka miaka ya 1840 mmisionari mmoja daktari aliyeishi Liberia, Thomas Savage, alipowatazama siafu kwa subira akaona madume yale yanatembea pamoja na vibarua. Mpaka leo kwenye orodha za siafu hawa kuna aina zinazojulikana kwa dume peke yake na nyingine kwa vibarua peke yao, hakuna aliyewakuta pamoja.

Dume halina mwiba. Likikushika kwa taya litakufinya kidogo lakini sumu halina. Linatoka usiku, mara nyingi baada ya mvua, linatafuta kundi jingine lenye malkia mchanga. Malkia wa siafu hana mbawa maisha yake yote, harukii popote, kwa hivyo dume ndilo linalosafiri, na likifika vibarua wanalikata mbawa ndipo wanaliingiza ndani. Taa yako ya sola imeyapoteza njia tu. Mama mkwe usimpinge, waambie watoto wayatoe nje bila kuyaua na mzime taa ya nje usiku wa mvua.

La mtoto wa kwenye mkeka nitalijibu kesho asubuhi kwa utulivu, ila usiku huu mlaze kitandani.

Bajuni_wa_Hindi
Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Assalaam aleikum. Niko Hindi huku Lamu, shamba langu linapakana na vichaka. Hayo ya mwalimu mimi nimeyaona kwa mato yangu na sikuwa nikijua jina lake mpaka yeo.

Tulikuwa tukivunja kichuguu kikubwa cha mchwa tupate udongo wa kukandika nyumba. Kichuguu kilikuwa kizima kwa nje, kigumu, jembe laruka. Tulipofika ndani kimya. Vyumba vyote vitupu, hakuna mchwa hata mmoja, zile kuvu wanazolima zimeoza zanuka, na kwenye njia za chini kabisa tukakuta hawa hawa wekundu wa manjano wamebeba vitoto vya mchwa. Kichuguu ambacho babangu alikijua tangu ujana wake kimemalizwa kutoka chini na mtu apitaye nje hajui. Tulisimama tukitazama hatukufanya kazi tena asubuhi ile. Mwalimu ni kweli wao ndio waliomaliza ama walikuta wamekufa?

Mwalimu_Gede
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Wa aleikum salaam ndugu. Ni wao. Hiyo ndiyo kazi yao kubwa nchi kavu. Hapa hapa kwetu Kenya, upande wa Kajiado, mtafiti Jo Darlington alivichunguza vichuguu miaka mingi na mwaka 1985 akaandika kuhusu uvamizi wa siafu hawa na jinsi mchwa wanavyojikinga. Askari wa mchwa wanaziba njia kwa vichwa vyao huku vibarua nyuma wakikandika udongo haraka, na mara nyingine wanafaulu kukiokoa chumba cha mfalme na malkia. Wasipofaulu ndiyo hiyo uliyoiona. Kumbuka mchwa ngome yake ameijenga kwa ajili ya adui wa juu, muhanga, ndege, chungu wa kawaida. Huyu anaingilia uvunguni.

Mama Karanga, ndiyo sababu nakuuliza tena, nguzo za jiko lako zina mchwa?

Na la mtoto: siafu wa chini si kama wale wa msafara wanaoingia nyumbani na kupita kila chumba. Lakini wakikuta kitu chenye damu au mafuta kimelala juu ya udongo mtupu usiku, wanaweza kutoboa na kupanda, sitakudanganya. Mtoto alale kitandani, miguu ya kitanda uiweke kwenye makopo yenye maji. Kuku mwondoe sakafuni, mfanyie kichanja umtilie majivu chini. Hayo ni ya leo, si ya kungojea.

Pweza_Ngomeni
Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Mwalimu nimekuelewa kuhusu moto na nimeifuta fikra hiyo. Lakini niambie, mbona mimi nikimwaga dizeli wanahama kweli? Si inafanya kazi?

Mwalimu_Gede
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Wale wako ni wa msafara, na wale wangehama hata usingemwaga. Kuhama ndiyo maisha yao, wakimaliza chakula cha pahali wanabeba watoto na malkia wanakwenda. Wa chini dizeli inawaua walioko juu juu tu, kundi liko pembeni au chini zaidi, na kinachobaki ni udongo ulioharibika na maji ya watu yenye mafuta. Mtafiti mmoja, Stefanie Berghoff, aliwachunguza ndugu zao wa Malaysia wanaoitwa Dorylus laevigatus, akakadiria kundi moja kuwa siafu 325,000 hivi. Utawamwagia lita ngapi?

Kijana_Manda
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Samahani naingilia, mimi ni mwanafunzi na nimekuwa nikisoma sana kuhusu hawa. Kuna siafu wa jangwani huko Arizona Marekani wanaitwa Neivamyrmex nigrescens, watu wengi hawawajui kwa sababu wakisikia siafu wa Amerika wanafikiria wale wa msitu wa mvua tu. Hawa wanaishi nchi ya vichaka vya miiba na mawe, kama ukitoka Malindi kuelekea Baricho hivi. Mchana wamejificha chini ya ardhi, jua likizama wanatoka wanakwenda kuvamia nyumba za chungu wengine na kuwabebea watoto wao, karibu na alfajiri wamesharudi. Watu wameona zile nyumba zikivamiwa wenyewe hukimbia nje wakiwa wamewashika mabuu mdomoni, wanapanda juu ya nyasi wanangoja. Mimi nikisoma hapo huwa naumia.

Na wana vipindi viwili, kuna kipindi cha kuhama hama ambacho wana mabuu wenye njaa, na kipindi cha kutulia ambacho mabuu wamekuwa pupa, ile hatua ya kabla ya kuwa siafu kamili, hawali tena na malkia anataga mayai mapya. Mayai yakianguliwa na pupa wakitoka safari inaanza upya. Ndiyo kusema watoto ndio wanaoamua safari ya ukoo mzima.

Nilisoma pia kwamba siafu wote wa duniani, hawa wetu na wa Amerika, wametoka kwa babu mmoja zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita kabla mabara hayajaachana. Kwa hivyo siafu wa Mama Karanga na wa Arizona ni ndugu wa damu.

Mwalimu_Gede
Jumatatu, saa 11:40 jioni

Kijana umenifurahisha moyo, endelea hivyo hivyo. La mwisho tu nikurekebishe. Hiyo ya babu mmoja aliyekuwa tayari siafu aliitoa Sean Brady mwaka 2003, na ilikubalika miaka mingi hata mimi nimewahi kuifundisha. Lakini mwaka 2019 Marek Borowiec alipima vinasaba vingi zaidi, akaona siafu wa huku na siafu wa kule hawakurithi tabia hizi pamoja. Kila upande ulianza na chungu wa kawaida wa ukoo mkubwa mmoja, kisha ukafika mwenyewe kwenye mwendo ule ule, kuwinda kwa kundi, kuhama, malkia asiye na mbawa. Udugu upo, ila ni wa mbali, kabla hawajawa siafu. Mimi naona hii ni ya ajabu kuliko ile ya kwanza. Watu wawili wasioonana, bahari katikati, na wamejenga nyumba ya ramani moja.

Na umenikumbusha jambo la huyo huyo wa Arizona ambalo Mama Karanga analihitaji. Howard Topoff na mwenzake Mirenda waliwapa baadhi ya makundi chakula kingi na mengine kidogo, wakaandika matokeo mwaka 1980. Waliolishwa vizuri walihama mara chache. Njaa ndiyo inayowasukuma. Na wale wa Malaysia wa Berghoff wana tabia hiyo kwa njia yao, wana barabara za chini za kudumu na wakipata chakula kikubwa mahali pamoja wanakaa nacho siku nyingi. Unajua aliwapataje, watu wasioonekana? Alizika ndoo zenye matundu, ndani ametia udongo uliochanganywa na mafuta ya mawese. Mafuta, mama. Siafu wa chini wanayapenda mafuta kupita kiasi.

Kwa hivyo nasema kwa heshima zote, tangu mwaka jana umewafanyia karamu. Lita ya mafuta na matumbo ya samaki, shimo hilo hilo, kila siku mbili tatu. Mimi kama ningekuwa siafu Marafa ningeishi kwako.

MamaKaranga_Marafa
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Mwalimu nimesoma mara mbili nimenyamaza. Yaani ni mimi ndiye ninayewalisha.

Nimeenda na taa kuangalia nguzo kama ulivyoniambia. Zamani ilikuwa kila mwezi nakwangua vile vijia vya udongo vya mchwa vinapanda kwenye nguzo mpaka kwenye makuti, mume wangu alishabadilisha nguzo mbili. Sasa vijia viko lakini vikavu, nimevivunja hakuna kitu ndani, tangu chini mpaka juu. Sikuwa nimetambua kabisa, mtu hukumbuka ubaya unapokuja, ukiondoka hasemi.

Nifanye nini basi? Sitaki kuwaua tena lakini pale jikoni siwataki, mtoto anaanza kutambaa.

Mwalimu_Gede
Jumatatu, saa 4:00 usiku

Acha kumwaga pale, hiyo ndiyo dawa yako. Mafuta yatie kwenye jerikeni, yatakufaa kuwashia kuni. Matumbo zika mbali, tena shimo la ndani, na kila mara pahali tofauti.

Halafu kama hutojali fanya kile cha Berghoff kwa kipimo chetu. Chukua kopo kuukuu, litoboe matundu kwa msumari pande zote, jaza udongo uliochanganya na mafuta vijiko viwili tu, lizike mwisho wa shamba karibu na kichuguu kama kipo, lifunike. Kila asubuhi mwanao alifunue atazame haraka alirudishe. Mwambie aandike daftarini. Wakifika huko tutajua barabara zao zinapita wapi, na ukiwa na spiriti ya dukani mtilie wachache kwenye kichupa, wakubwa kwa wadogo, na dume moja likiwa limejifia. Jina kamili la aina yao halitolewi kwa picha ya simu, yanatazamwa meno na kiuno kwa darubini. Nitakipeleka mwenyewe kwa watu wa wadudu pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Vichaka vya nyuma ya Malindi havijatafutwa sana, watu wote wakija wanaishia Arabuko-Sokoke.

Bajuni_wa_Hindi
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Mama watoto wako wana bahati. Mimi nitazika kopo pia huku Hindi, na jingine la ndugu yangu yuko Manda kwenye mchanga ule mweupe, tuone kama huko wapo. Mwalimu nitakuletea hesabu.

Swali moja, wale wakubwa weusi ambao hupita mchana kwa mstari mnyoofu, wanalia chii ukiwagusa, wanatoka kwa mchwa kila mmoja amejaza mdomo, hao nao ni hawa?

Kijana_Manda
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Hao huku tunawaita sungusungu, wataalamu wanawaita Megaponera. Si siafu hasa, wana macho, wana mwiba mkali, na chakula chao ni mchwa peke yake. Hao ndio waliochunguzwa Ivory Coast ikaonekana wakitoka vitani wanawabeba wenzao waliokatwa miguu kuwarudisha nyumbani, na huko wanawalamba vidonda. Nikiwaona njiani huwa nasimama wapite.

MamaKaranga_Marafa
Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 2:50 usiku

Nimerudi wanajamvi na daftari la mwanangu liko mbele yangu.

Kopo tulilizika Jumanne, hatua kama hamsini kutoka jikoni, karibu na kichuguu cha mwisho wa shamba. Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna. Ijumaa asubuhi ameandika "kumi na saba, wadogo tu". Jumamosi ameandika "siwezi kuhesabu" na akapiga mstari chini yake. Jumapili na Jumatatu wamejaa, na pembeni ya kopo kumefunguka kitundu cha upana wa kalamu, kuta zake laini kama zimepakwa, kinaelekea upande wa kichuguu. Jana nilichukua kijiko nikachimba chini ya mkilifi kidogo kidogo mpaka kimo cha goti. Udongo wa mafuta bado ni mweusi, nilikuta watatu tu.

Mtoto analala kitandani, makopo ya maji tuliweka siku ile ile. Kuku ameangua tisa, wako kwenye kichanja. Dawa nimeirudisha agroveti, pesa hawakunipa lakini waliichukua. Kichupa cha spiriti kiko tayari mwalimu, kina wakubwa wanne na wadogo wengi, mwanangu ameandika karatasi ya tarehe na mahali na akaitia ndani kwa penseli kama ulivyosema kwenye simu.

Na jana usiku ilinyesha tena. Madume yalikuja mawili. Mwanangu akalifunika moja kwa gilasi akamletea bibi yake mezani, akamweleza habari yote ya vibarua vipofu na malkia asiye na mbawa. Mama mkwe akaomba miwani. Akaliinamia muda mrefu, akasema, kumbe huyu ndiye waliyempa macho ya wote. Kisha akamwambia mtoto alitoe nje upesi lisije likachelewa, na yeye mwenyewe akainuka akazima taa.